Visasili Mikononi mwa Watoto: Kintu, Nambi na Ng'ombe wa Udongo (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza maana ya visasili, yaani masimulizi ya kale ambayo kwayo jamii hueleza asili ya ulimwengu, ya watu wake na ya mambo mazito kama kifo, na ikaonyesha kwa nini masimulizi hayo hayafai kuachiwa shule peke yake. Sehemu hii inachukua kisasili kimoja, cha Kintu na Nambi wa Buganda, ili kuonyesha jinsi kinavyoweza kufundishwa nyumbani kwa kazi za mikono, kwa kuwa mtoto anayeunda kitu hulazimika kuuliza mambo ambayo msikilizaji huyapita tu.

Kintu, mtu wa kwanza katika nchi, aliishi na ng'ombe wake mmoja mpaka Nambi, binti wa Ggulu mwenye mbingu, alipomwona na kumpenda. Ggulu hakumtoa binti yake kwa urahisi: alimtaka Kintu ale chakula kingi kupita kiasi, apasue mwamba kwa shoka, ajaze mtungi kwa umande, kisha amtambue ng'ombe wake ndani ya kundi kubwa, mtihani alioushinda kwa msaada wa nyuki aliyetua juu ya ng'ombe huyo. Hapo ndipo pa kuanzia ufinyanzi. Udongo wa mfinyanzi usipopatikana, unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, vikikandwa pamoja, hutoa donge linalofinyangika, likauke taratibu na kushika rangi vizuri. Mtoto akijaribu kufinyanga ng'ombe kumi wanaofanana atagundua kwamba kila mmoja ana alama yake, naye ataanza kuuliza Kintu angetafuta alama gani kama nyuki asingekuja.

Mavazi ya wahusika yanahitaji uangalifu zaidi. Nguo ya kale ya Waganda ni olubugo, inayotokana na gome la ndani la mti uitwao mutuba: gome huvuliwa msimu wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo ya upana tofauti mpaka lilainike na kutanuka, huku shina likifungwa majani ya mgomba ili liote gome jipya. UNESCO iliuingiza ufundi huu mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nyumbani, karatasi ya kaki iliyoloweshwa kidogo, ikafinywa na kukunjuliwa mara kadhaa, hulegea kiasi cha kumvika mwanasesere, lakini ni lazima mtoto aelezwe kwamba olubugo halisi bado huvaliwa katika sherehe za kifalme na hutumika katika mazishi, hivyo hiyo ya karatasi ni mfano wa kujifunzia tu.

Wazazi wengi hukomea kwenye harusi, na hilo ni kosa. Ggulu aliwaonya maarusi waondoke upesi wala wasirudi nyuma, ili Walumbe, kaka yake Nambi, ambaye ndiye kifo, asiwafuate. Lakini ulezi wa kuku ulisahauliwa, ukarudiwa, na Walumbe akaja nao duniani. Kayikuuzi, ndugu yao aliyetumwa kumrudisha mbinguni, alimfukuza mpaka Tanda, ambako Walumbe alizama ardhini, na watoto walioagizwa wakae kimya walipopiga kelele Kayikuuzi akakata tamaa. Punje za ulezi zikibandikwa kwa gundi kwenye kadibodi kufuata njia ya kutoka mbinguni hadi Tanda, mtoto huona kwa macho kitu kidogo kilicholeta msiba mkubwa, na maswali yake kuhusu kifo hayana budi kujibiwa kwa ukweli, hasa katika nyumba iliyofiwa.

Tena, katika baadhi ya masimulizi aliyerudi ni Nambi, na katika mengine ni Kintu. Ni vyema picha zote mbili zichorwe na kutundikwa pamoja, ili mtoto wa kike asikue akiamini kwamba lawama ya kifo ni ya mwanamke peke yake.

Sehemu ya tatu itahusu Gikuyu na Mumbi, mabinti zao na mti wa mukurwe wa Nyagathanga, huko Murang'a.