Kununua Shamba: Masharti Yanayolinda Fedha Zako

Watu wengi wa Marani, kama wenzao wa sehemu nyingine za Kisii, hununua kipande cha shamba kwa nia ya kujenga nyumba. Mashamba ni madogo na watu ni wengi. Kwa hiyo mnunuzi huharakisha kulipa asije akatanguliwa na mwingine. Haraka hiyo imewaponza wengi. Yafaa kila mtu afahamu kazi ya masharti katika mapatano.

Sharti ni neno linaloandikwa kusema kwamba ununuzi utakamilika iwapo jambo fulani litatimia kwanza. Lisipotimia, mapatano hukoma na arubuni hurudishwa. Katika nchi ya Marekani mnunuzi wa nyumba huweka sharti kwamba benki ikubali kumkopesha, au kwamba fundi aikague nyumba kwanza. Huku kwetu sharti kubwa kuliko yote limewekwa na sheria yenyewe.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yasema kwamba mapatano ya kuuza au kugawa shamba la kilimo hayana nguvu bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Maombi hupelekwa kabla ya miezi sita kupita tangu siku ya mapatano. Muda huo ukipita, ni Mahakama tu iwezayo kuuongeza, tena kwa sababu ya kutosha. Bodi yaweza kukataa, kwa mfano ikiona kwamba kuligawa shamba kutapunguza mazao yake.

Tuseme mtu amelipa fedha zote na kujenga nyumba ya matofali, lakini hakwenda mbele ya Bodi. Miaka yapita, mwuzaji afariki, na wanawe wadai shamba la baba yao. Sheria hiyo yampa mnunuzi haki ya kudai fedha alizolipa, kama deni, haimwahidi ardhi. Na fedha za zamani hazinunui shamba kwa bei ya leo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliwasaidia wanunuzi wasio na idhini katika kesi moja, na mwaka huo huo ikawakatalia wengine katika kesi nyingine. Ni nani basi atakayejenga nyumba yake juu ya bahati ya namna hiyo?

Kwa hiyo masharti haya yaandikwe kabla fedha hazijatoka mkononi:

1. Rejista ya ardhi ionyeshe kwamba mwuzaji ndiye mwenye shamba, na kwamba halikuwekwa rehani. Ikiwa hati ingali na jina la baba au babu aliyefariki, shamba haliwezi kuuzwa mpaka Mahakama ithibitishe hati ya usimamizi wa mirathi.

2. Mke au mume wa mwuzaji akubali kwa maandishi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mmoja kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

3. Mpima ardhi aonyeshe mipaka ya kipande kinachouzwa.

4. Bodi itoe idhini. Na mapatano yaseme ni nani atakayepeleka maombi, na kabla ya siku gani.

Mapatano yatiwe sahihi na pande zote mbili mbele ya mashahidi. Kisha malipo yafuate masharti. Arubuni iwe ndogo; sehemu kubwa ilipwe baada ya idhini kutolewa, na baki siku hati inapohamishwa. Iandikwe pia kwamba sharti likishindikana, fedha zitarudishwa kabla ya tarehe iliyotajwa.

Mwuzaji naye ana faida yake. Akiandika siku ya mwisho ya kulipwa, na mnunuzi asilipe, atakuwa huru kuuza kwa mtu mwingine pasipo ugomvi.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mtu akikuhimiza ulipe leo na kwenda Bodi mwakani, mwambie kwamba fedha zipo, nazo zitamngoja.