Howard 1974: Ubingwa uliodaiwa upya uwanjani

Msimu wa 1974 timu ya soka ya Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, ilicheza mechi 19 na kushinda zote 19, ikatawazwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Kwa chuo hicho, hata hivyo, ubingwa huo haukuwa wa kwanza kutwaliwa uwanjani. Ulikuwa wa kwanza ambao hakuna aliyekuja baadaye kuwavua.

Nyuma ya msimu huo kuna kisa cha kanuni, mahakama na vijana waliotoka ng'ambo kutafuta elimu. Ni kisa kinachoweza kumgusa kila mzazi wa Afrika Mashariki ambaye mwanawe amewahi kuahidiwa masomo ya bure kwa sababu ya miguu yake.

Timu ya wageni

Kwa Mmarekani wa miaka ya 1970, neno "futiboli" lilimaanisha mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Soka ulikuwa mchezo wa pembeni, uliopendwa zaidi katika miji michache na miongoni mwa jamii za wahamiaji.

Chuo Kikuu cha Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kikawa miongoni mwa vyuo vikubwa vilivyosomesha Wamarekani Weusi walipofungiwa milango kwingineko. Aidha, kilipokea wanafunzi wengi kutoka visiwa vya Karibi na Afrika, vijana waliokua wakipiga mpira mitaani na katika viwanja vya shule.

Kocha wao, Lincoln Phillips, alikuwa mmoja wao. Aliwahi kuwa mlinda mlango wa timu ya taifa ya Trinidad na Tobago, akaenda Marekani kucheza soka ya kulipwa, na mwaka 1970 akakabidhiwa timu ya Howard.

Haikuchukua muda. Desemba 1971, katika uwanja wa Orange Bowl mjini Miami, Howard ilikutana katika fainali na Chuo Kikuu cha Saint Louis, kilichokuwa kimetwaa ubingwa miaka miwili mfululizo. Howard ilishinda mabao 3-2.

Hakuna chuo chochote cha kihistoria cha Weusi kilichokuwa kimewahi kutwaa ubingwa wa daraja la juu wa chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, katika mchezo wowote. Furaha hiyo, hata hivyo, haikudumu.

Kanuni tatu

Baada ya fainali hiyo, NCAA ilichunguza sifa za baadhi ya wachezaji wa Howard. Mwanzoni mwa 1973 ikatoa uamuzi: ubingwa wa 1971 umefutwa, na timu hairuhusiwi kushiriki hatua za mwisho za mashindano kwa mwaka mmoja.

Uamuzi huo ulitegemea kanuni tatu. Ya kwanza ilimpa mwanafunzi miaka mitano tu, kuanzia siku alipojiandikisha chuoni mara ya kwanza, kumaliza muda wake wa kuchezea chuo. Ya pili ilidai mwanafunzi aonyeshe, kwa matokeo ya sekondari na mtihani wa kuingilia chuo, kwamba ataweza kufikia kiwango fulani cha alama. Mtihani huo ni wa Kimarekani. Kijana aliyesoma kwa mtaala wa Kiingereza mjini Port of Spain au Lagos alikuwa na vyeti vya aina nyingine.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyozua mgogoro mkubwa zaidi, maana ilimlenga mgeni peke yake. Ilisema kwamba mwanafunzi asiye raia wa Marekani akishiriki mashindano rasmi katika nchi ya kigeni baada ya kutimiza umri wa miaka 19, kila miezi 12 ya kushiriki itahesabiwa kama mwaka mmoja aliokwisha kukichezea chuo.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 21 anawasili Washington kutoka Trinidad. Kwa miaka miwili, akisubiri nafasi ya masomo, alikuwa akifanya kazi mchana na kuichezea klabu ya mtaani jioni, bila malipo yoyote. Kwa kanuni hiyo, miaka yake miwili imekwisha kukatwa kabla hajafungua daftari la kwanza. Mmarekani wa umri uleule, aliyecheza ligi za kwao kwa muda uleule, hakupunguziwa hata siku moja.

Phillips na wachezaji wake wameeleza kwa miaka mingi kwamba hawakuona jambo hilo kama hesabu za kanuni tu. Vyuo vingine navyo vilikuwa na wachezaji kutoka ng'ambo. Wao waliamini walikaguliwa kwa jicho kali zaidi kwa kuwa walikuwa timu ya Weusi, ya chuo cha Weusi, iliyowashinda mabingwa.

Kutoka chuoni hadi mahakamani

Howard haikuishia kulalamika. Ilifungua kesi mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Washington, na shauri likafika mahakama ya rufaa, iliyotoa hukumu yake mwaka 1975.

Hukumu ilikuwa na sura mbili. Kanuni iliyowalenga wageni ilitupwa, kwa kuwa ilimbagua mtu kwa misingi ya uraia kinyume cha katiba. Kwa upande mwingine, kanuni ya miaka mitano na ile ya alama zilionekana kuwa halali.

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Ikiwa mahakama ilikubali kwamba Howard ilionewa, mbona ubingwa wa 1971 haukurudishwa? Jibu ni kwamba adhabu ilisimama juu ya nguzo tatu, na mahakama iliangusha moja tu. Zile mbili zilizobaki zilitosha kuibeba.

Mechi 19, ushindi 19

Wakati mawakili wakibishana, wachezaji walirudi uwanjani. Baada ya kukaa nje ya mashindano mwaka 1973, Howard ilianza msimu wa 1974 na kikosi cha vijana kutoka Trinidad, Jamaica, Bermuda, Nigeria na kwingineko. Kila mmoja alijua kwamba vyeti vyake vilikuwa vikitazamwa kama miguu yake. Mara hii chuo kilihakikisha kwamba hakuna pa kuwakamatia.

Matokeo yanajieleza. Timu haikupoteza wala kutoka sare hata mara moja. Katika nusu fainali iliifunga Hartwick mabao 2-1, na katika fainali ikakutana tena na Saint Louis.

Mechi hiyo ilichezwa katika mji wa St. Louis wenyewe, mbele ya mashabiki wa wapinzani. Wenyeji walikuwa wamekwisha kutwaa ubingwa mara 10 tangu 1959, ukiwamo wa 1972 na wa 1973. Dakika 90 zilimalizika kwa sare ya bao 1-1. Ukaongezwa muda, kisha ukaongezwa tena. Katika kipindi cha nne cha nyongeza, Kenneth Ilodigwe, mwanafunzi kutoka Nigeria, akafunga bao la pili la Howard, na mechi ikaisha.

Kilichobaki

Kanuni ya wageni iliondoka, lakini hoja ya umri haikufa. Katika muongo uleule wanariadha wa Kenya walikuwa wakitamba katika vyuo vya Marekani. Henry Rono, aliyezaliwa 1952, aliweka rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State mwenye miaka 26.

Baadaye NCAA ilipitisha kanuni nyingine, isiyotaja uraia. Hii ilihesabu mashindano rasmi ya mwanafunzi yeyote baada ya kutimiza miaka 20. Kwa maandishi ilikuwa sawa kwa wote, lakini mzigo wake ulimwelemea zaidi yule aliyechelewa kupata ada, viza au nafasi ya chuo.

Ndiyo maana, kabla mzazi hajasherehekea barua ya chuo cha Marekani, inafaa aulize mapema: mtoto alicheza wapi, akiwa na umri gani, na kuna karatasi gani ya kuthibitisha?

Phillips aliifundisha Howard hadi 1980. Ubingwa wa 1974 ungali katika kumbukumbu za NCAA. Mwaka 1971 unaonyesha kwamba fainali ilichezwa, ila mahali pa jina la bingwa hapana jina.