Ukitaka nyuki, wajengee nyumba kwanza

HUENDA umewahi kuyaona haya kwa macho yako. Mvua imepita, miti imechanua, na siku moja karibu na saa sita mchana wingu jeusi lenye kuvuma linapita juu ya mapaa ya mtaa. Watoto wanapiga mayowe. Akina mama wanaanua nguo na kufunga madirisha. Baada ya dakika chache wingu hilo linatua kwenye tawi la mti kando ya ua wa shule, linashikamana na kuning'inia kama ndevu za mzee. Hao ni nyuki wanaohama, na kundi lao hilo ndilo huitwa bumba.

Linalofuata mara nyingi ni la kusikitisha. Atatokea kijana mwenye kibiriti na chupa ya mafuta ya taa, mwingine na mkebe wa dawa ya wadudu, na kabla jua halijatua maelfu ya nyuki watakuwa wamelala chini, wamekufa. Watakaonusurika watapandwa na hasira, na wa kwanza kuumwa watakuwa wale wale watoto ambao watu walitaka kuwakinga.

Katika nchi nyingi za Ulaya na kule Marekani, anayeanza kufuga nyuki mara nyingi huwanunua wakiwa ndani ya sanduku, pamoja na malkia wao. Hapa kwetu nyuki hupita juu ya kichwa chako bila malipo. Mwenye kipande cha shamba mashambani aweza kuanza ufugaji kwa mzinga mmoja mtupu na subira. Lakini ni lazima ajue mambo mawili: jinsi ya kuwaalika nyuki, na jinsi ya kuwafanya wakae. La pili ndilo huwashinda wengi.

KWA NINI NYUKI HUHAMA

Nyuki huhama kwa sababu mbili, na yafaa uzijue kabla hujagusa ubao wala msumari.

Ya kwanza ni kuzaana. Maua yakiwa mengi, mzinga hujaa nyuki na asali hadi nafasi ikakosekana. Hapo nyuki vibarua huanza kulea malkia wapya katika vyumba maalumu vinavyoning'inia kwenye sega, vyenye umbo la ganda la njugu karanga. Malkia huchukua siku 16 hivi kutoka yai hadi kukomaa. Kabla mrithi hajatoka chumbani, malkia mzee hufunganya virago na kuondoka na sehemu kubwa ya jamii yake. Kila nyuki hujaza tumbo asali ya njiani.

Bumba hutua mtini kwa saa chache, au hata siku kadhaa, huku nyuki wapelelezi wakitafuta nyumba. Mpelelezi aliyepata pango zuri hurudi na kucheza ngoma juu ya miili ya wenzake, na mchezo huo huwaeleza upande na umbali wa mahali penyewe. Mtaalamu aliyeifumbua lugha hiyo ni Karl von Frisch, mzaliwa wa Austria, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1973. Mwanafunzi wake, Martin Lindauer, ndiye aliyeonyesha kwamba wapelelezi wa bumba hushindania nyumba kwa ngoma hizo hadi wakubaliane.

Sababu ya pili ni dhiki. Ukame ukizidi, siafu wakivamia, moto ukipita au mrinaji akichukua asali yote, nyuki wote pamoja na malkia wao huondoka na kuacha masega matupu. Nyuki wa Ulaya hulazimika kukaa na akiba yao kwa sababu ya majira ya baridi kali. Nyuki wetu hawana baridi ya aina hiyo. Wao hufuata maua yalipo.

Ukitaka kujua jinsi walivyo wasafiri hodari, fikiria yaliyotokea Brazil. Mwaka wa 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka huko malkia wa nyuki kutoka Afrika. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki waliokuwa wameletwa kutoka Ulaya na kuenea nchi baada ya nchi. Kufikia 1990 vizazi vyao vilikuwa vimeingia Texas, Marekani, na hakuna aliyewabeba kwa gari.

Tabia hiyo ndiyo faida na hasara ya mfugaji wa Kenya. Nyuki wajao upesi ndio hao hao waondokao upesi.

WAZEE HAWAKUWAFUKUZA NYUKI

Wakamba, Watharaka, Wapokot na Waogiek wamefuga nyuki kwa vizazi na vizazi, na njia yao ni moja. Mzee huchonga gogo, hulitoboa, huziba ncha zake na kuacha tundu dogo, kisha hulitundika juu ya mti na kwenda zake. Nyuki hulikuta na kuingia wenyewe. Hakuna kuwakimbiza.

Hilo ndilo somo la kwanza kwa mwanafunzi wa kazi hii. Nyuki aliyechagua nyumba mwenyewe hukaa kuliko yule aliyesukumizwa ndani kwa nguvu.

Siku hizi wafugaji wengi hutumia mzinga wa mbao uliobuniwa kwa ajili ya nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Canada waliposhirikiana na serikali ya Kenya. Umbo lake ni kama hori la kulishia ng'ombe, mpana juu na mwembamba chini. Juu yake hupangwa vijiti bapa vya mbao vyenye upana wa milimita 32 kila kimoja. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kijiti, na mfugaji aweza kuinua sega moja bila kuyavunja mengine. Kipimo hicho cha milimita 32 usikibadilishe, kwani ndicho kinacholingana na nafasi ambayo nyuki wetu huacha kati ya sega na sega.

SANDUKU LA KUNASIA

Mzinga mkubwa ni mzito kuupandisha mtini. Kwa hivyo tengeneza sanduku dogo la umbo lilo hilo, lenye vijiti 5 hadi 8 vya kipimo kile kile. Bumba likishaingia na kujenga, vijiti vyenyewe vitahamishwa pamoja na masega yake hadi mzinga mkubwa. Ndiyo maana vipimo ni lazima vilingane.

Mbao ziwe kavu, zisizonuka rangi wala dawa ya mchwa. Tundu la kuingilia liwe dogo, la kupitisha kidole kidogo cha mtu mzima, na mawili au matatu ya namna hiyo yatosha. Nyuki hupenda nyumba yenye giza, kavu, isiyopitisha upepo na yenye mlango mwembamba wanaoweza kuulinda.

Sasa tuje kwenye harufu. Yeyusha nta na kuimwaga mstari mwembamba katikati ya kila kijiti upande wa chini. Nta huwaambia wapelelezi kwamba wenzao waliwahi kuishi hapo, na pia huwaonyesha mahali pa kuanzia sega. Kisha chukua majani ya mchaichai, yale yale unayotia katika chai, uyaponde na kuyasugua ndani ya sanduku na mlangoni. Huo si uchawi. Nyuki wanapoitana kuingia nyumbani hutoa harufu yao wenyewe, na baadhi ya viungo vya harufu hiyo vimo pia katika mchaichai.

Tundika sanduku mtini, mita 2 au 3 kutoka ardhini, mahali penye kivuli, karibu na maji na maua. Mlango usielekee upepo. Litundike kabla maua hayajafunguka, yaani mwanzoni mwa mvua za masika na za vuli, ili wapelelezi walikute tayari. Ukiweza, tundika matatu au manne mahali mbalimbali, kwa maana huwezi kujua lipi litapendwa. Pita mara moja kwa juma ukiangalia kwa mbali. Ukiwaona nyuki wachache wakizungukazunguka mlangoni, hao ni wapelelezi. Ukiwaona wakiingia na vidonge vya chavua miguuni, jua wageni wamekuwa wenyeji.

BUMBA LIKITUA MTINI

Vipi kuhusu lile bumba la uani mwa shule? Kwa kawaida nyuki walioning'inia huwa wapole kiasi, kwa kuwa wameshiba asali na hawana majana wala akiba ya kulinda. Lakini neno "kwa kawaida" lisikudanganye. Nyuki waliohama kwa njaa wana hasira za upesi, na hakuna awezaye kuwatofautisha kwa kuwatazama tu. Waondoe watoto, wazuie watu kurusha mawe, na umwite mfugaji mwenye ujuzi. Mara nyingi bumba huondoka lenyewe.

Ukienda pamoja naye kujifunza, vaeni mavazi ya rangi nyeupe yenye neti usoni, glavu na gambuti, huku suruali imeingizwa ndani ya gambuti. Kazi hufanywa jua linapozama. Sanduku huwekwa chini ya tawi, moshi kidogo hupulizwa, kisha tawi hutikiswa mara moja kwa nguvu ili bumba lidondoke ndani. Malkia akiingia, waliobaki nje humfuata. Akibaki nje, wote watarudi kwake mtini na kazi itaanza upya.

Nyuki walioingia ndani ya dari au ukuta ni jambo jingine kabisa. Hao wana masega, majana na asali ya kutetea. Anayeanza asiwaguse.

WAKIKUUMA

Nyuki akiuma huacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, na mahali hapo hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo huwaita wengine waje kuuma papo hapo. Uondoe mwiba upesi kwa ukucha, kisha uondoke. Wakikufuata kwa wingi, usisimame kuwapunga mikono wala usijitose majini. Funika uso, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari na ufunge mlango. Mtu akivimba uso au ulimi, akishindwa kupumua au kuhisi kizunguzungu, apelekwe hospitali mara moja. Hata mtu mzima mwenye nguvu aweza kufa kwa kuumwa mara moja tu ikiwa mwili wake hauipatani na sumu hiyo.

Kwa sababu hiyo ploti ya mjini si mahali pa mzinga. Uweke shambani, mita 300 hivi kutoka nyumba, barabara na mifugo iliyofungwa, na uuzungushie ua wa miti ili nyuki waruke juu ya vichwa vya watu.

KUWAFANYA WAKAE

Bumba likishaingia, liache. Hamu ya kufunua na kuchungulia ndiyo huwatorosha nyuki wengi wa wanaoanza. Ngoja hadi masega yajengwe na majana yaonekane, kwani nyuki wenye watoto hawaondoki ovyo. Ukihamisha sanduku, fanya hivyo usiku, mlango ukiwa umezibwa kwa wavu. Kumbuka pia kwamba nyuki waliokaa siku kadhaa wameshakariri mahali. Ukiwasogeza mita mia moja tu, wengi watarudi kwenye ule mti wa kwanza wakatafute nyumba isiyokuwapo. Wahamishe mbali, kilomita 3 au zaidi, au uwaache hapo hapo.

Tundika mzinga kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno, na upake waya grisi. Hivyo siafu hawatapita, na nyegere atapata taabu kuufikia. Weka karai la maji lenye mawe ndani yake, nyuki wapate pa kutua wasizame. Kukiwa na ukame, wape maji ya sukari.

Usishangae ukiona nyuki wakipungua majuma ya kwanza. Kibarua huchukua kama majuma matatu kutoka yai hadi kutoka chumbani akiwa amekomaa, na katika muda huo wazee hufa bila wa kuwarithi. Baada ya hapo jamii huanza kukua. Msimu wa kwanza usiwe na pupa ya kurina. Na hata utakaporina baadaye, waachie masega ya asali yao, maana nyuki aliyeporwa kila kitu hana sababu ya kubaki.

Asali si faida pekee. Mwenye miparachichi, miembe, kahawa au alizeti atayaona mavuno yake yakinufaika, kwani nyuki ndio wachavushaji wakuu wa mimea mingi ya namna hiyo.

Mwanafunzi anayetaka kujifunza zaidi amwone afisa wa mifugo wa eneo lake, au aulize katika Taasisi ya Kitaifa ya Ufugaji Nyuki iliyoko Lenana, jijini Nairobi. Na wewe mzazi, safari ijayo ya kwenda mashambani, badala ya kubeba mkate peke yake, beba pia sanduku moja lililopakwa nta. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mfugaji wa leo hana haja ya kuwafuata mbali, mradi mlango wake uko wazi msimu wa maua ukifika.