Utangulizi: Programu Iliyogoma Kufunguka

Anayeisaka Tabora katika maandishi ya Richard Burton na John Speke, waliofika huko mwaka 1857, atapekua sana asipojua kwamba wao waliandika Kazeh. Stanley naye, mwaka 1871, anataja sana Unyanyembe, na nyumba aliyokaa na Livingstone iko Kwihara, nje kidogo ya mji. Anayeshika jina moja tu hupotea njia. Uchunguzi wa hitilafu za programu, taaluma ninayokukaribisha, huanzia kwenye tatizo la namna hiyo.

Programu moja huwa na majina kadhaa ndani ya kompyuta. Lile unaloliona chini ya aikoni, mara nyingi, ni la njia ya mkato, libadilishe upendavyo. Lakini njia ya mkato imebeba anwani ya faili yenyewe, na ukibadilisha jina la folda, anwani haielekezi tena kwenye kitu. Bofya aikoni kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, ulinganishe anwani na folda ilivyo sasa. Windows hujaribu kukitafuta kilichohama, na pengine hukipata. Usiitegemee.

Kunakili kuna balaa zaidi. Kijana wa steshenari huchukua faili ya .exe, ile inayoanzisha programu, peke yake, akaitia kwenye flashi, akaifungua kwenye mashine nyingine, nayo ikalalamika kukosa .dll, faili ya msaada inayoitegemea. Faili wenzake zote zimebaki kwenye folda ya zamani, na mipangilio mingine imeandikwa kwenye sajili ya Windows, ambayo haibebwi na flashi. Hapo ni kusakinisha upya tu. Nakala mbili zikiwa kwenye mashine moja, ya pili huweza kufungwa kimyakimya kwa sababu ya kwanza bado inaendeshwa bila kuonekana. Izime kwanza.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, japo ni cha kihalifu, ni kile cha virusi vya flashi. Huificha folda yako, kisha hujinakili kwa jina lake na kujivika aikoni yake. Ukibofya, umeviamsha. Kwa hiyo kabla ya kugusa flashi ya mteja, iamuru Windows ionyeshe viambishi vya majina ya faili na vitu vilivyofichwa. Folda ya kweli haina .exe mwishoni.