Kusikika na Kusikilizwa: Sauti ya Raia Arua na Koboko

Tunapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, tunaweza kuanza na "sikia". Sauti iliyofika masikioni imesikika; mtu aliyetiliwa maanani amesikilizwa. Tofauti hii ndogo inatusaidia kueleza hali ya raia wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio nchini Uganda ilikuwa ya serikali. Kuanzia 1993, sera za soko huria, ambazo wataalamu huziita uliberali mamboleo, zilifungua mlango kwa wafanyabiashara na madhehebu ya dini. Radio Pacis ya Kanisa Katoliki ilianza Arua mwaka 2004, na Kilugbara na Kikakwa ni miongoni mwa lugha zake. Hivyo raia aliweza kueleza shida zake redioni kwa lugha ya nyumbani.

Hata hivyo, sokoni kila kitu kina bei. Redio ya biashara huishi kwa kuuza matangazo na muda wa hewani. Mgombea mwenye fedha hununua saa nzima. Mkulima hununua dakika chache za simu. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwa huduma ya intaneti.

Tena, soko huria si lazima lilete uhuru wa kusema. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku "bimeza", mijadala ya redio ya hadharani, ambayo jina lake la Kiganda limetokana na "meza" yetu. Tarehe 13 Agosti 2018, wakati wa kampeni za uchaguzi mdogo wa Arua, waandishi wawili wa NTV walikamatwa wakiwa kazini.

Liko pia suala la lugha. Bunge hujadili kwa Kiingereza. Kiswahili, kinachosikika katika masoko ya Arua na Koboko, kilitajwa katika katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini katika shughuli za serikali bado ni haba.

Basi sisi walimu tusiishie kwenye salamu na ngeli. Tumzoeze mwanafunzi kumwuliza diwani, kwa Kiswahili fasaha: "Fedha za kisima chetu zimekwenda wapi?" Kisha tumfundishe kurudia swali hilo mpaka ajibiwe.