Je, Wajua Mnyororo wa Tairi Hutembea?

Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, malori makubwa ya biashara yanayopita barabara kuu ya I-70 jimboni Colorado, Marekani, kwenye kipande cha milimani kati ya Morrison na Dotsero, lazima yawe yamebeba minyororo ya matairi. Hata jua likiwaka, hata kama theluji haijaonekana kwa wiki kadhaa, minyororo iwemo. Amri ya kufunga ikitangazwa na dereva akapita bila kufunga, faini ni dola 500 pamoja na nyongeza. Akikwama na kuziba njia, inakuwa dola 1,000, nyongeza kando. Barabara hiyo hupanda hadi handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, na miongoni mwa wanaoipanda wamo Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania walioajiriwa udereva wa malori, watu waliojifunzia gari kwenye vumbi na matope.

Wengi wao, pamoja na wenyeji wenyewe, wanauona mnyororo kuwa kitu cha kumwonyesha askari. Unakaa kwenye mfuko wake na lebo yake, haujawahi kuguswa, mpaka usiku ule wa dhoruba. Hapo dereva anashuka na glavu za pamba, anaumwaga mnyororo barabarani, na anakuta mkononi ana fungu la chuma lisilo na kichwa wala mguu. Nakereka, kwa sababu hiki ni chombo cha akili kuliko kinavyoonekana.

Kwanza tumalize habari ya fo-wili, maana ndiyo inayowaingiza wengi mtaroni. Gari la fo-wili hugawa nguvu ya injini kwenye magurudumu manne, kwa hiyo linaondoka vizuri kwenye theluji na kupanda kilima huku wenzake wakizungusha matairi papo hapo. Lakini kusimama ni habari nyingine: kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, na hapo fo-wili haimzidi mwenzake kitu. Inachompa dereva ni ujasiri wa kufika haraka zaidi mahali ambapo hataweza kusimama.

Chukua gari dogo ambalo kila tairi limebeba kilo 400. Kwenye lami kavu, tairi moja linaweza kusukuma au kuzuia kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300 kabla halijaserereka. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari, hesabu inashuka hadi kilo 100 hivi. Kwenye barafu, kilo 40. Na barafu mbaya kuliko zote ni ile iliyo karibu na nyuzi sifuri, inayotaka kuyeyuka, yenye utando wa maji juu yake. Baridi ikizidi sana, barafu huwa kavu na tairi hupata nafuu kidogo.

Tairi la mpira hulala juu ya barafu na kuugawa mzigo wake kwenye eneo la ukubwa wa kiganja hivi. Chuma cha mnyororo hakigawi. Kilo zile 400 zikitua kwenye pete chache zenye kingo, kila ukingo unashuka kwa shinikizo kubwa mara nyingi zaidi, barafu inavunjika, pete inapata pa kushika. Kwenye theluji laini kazi inabadilika: vipande vinavyokatiza uso wa tairi hushuka ndani ya theluji, huishindilia na kuisukuma nyuma. Ndiyo maana pete za minyororo mizuri si za waya wa duara. Ukiikata utaona chuma chake ni cha mraba au cha umbo la D, ili ukingo uendelee kuuma hata ukishaanza kulika, na kimepitishwa motoni kwa namna ya kufanya ngozi ya nje iwe ngumu na kiini kibaki na ulaini wa kustahimili kugongwa.

Sasa tuje kwenye kituko chenyewe. Funga mnyororo wako vizuri, kisha chukua chaki uchore mstari ubavuni mwa tairi, mkabala na ndoano ya kufungia. Endesha polepole mita mia chache, shuka, tazama. Ndoano na mstari vimeachana. Ukienda tena, vitaachana zaidi. Mnyororo umetembea juu ya tairi, na hakuna kilichoharibika: ndivyo unavyotakiwa kufanya kazi.

Sababu iko kwenye kubonyea kwa tairi. Tairi lililobeba mzigo si duara kamili. Pale linapogusa ardhi limebonyea. Mnyororo unaolizunguka umekazwa, ndiyo, lakini mzingo wake bado unauzidi kidogo ule wa tairi, na haukushikizwa popote kwenye ringi. Kila mzunguko unapokamilika, viwili hivi havirudi sawasawa pale vilipoanzia. Tofauti ni ndogo, lakini tairi la gari dogo huzunguka mara 500 hivi kwa kila kilomita, na mnyororo unahama taratibu kama bangili pana kwenye mkono unaotwanga. Kuvuta kwa injini na kukamata kwa breki navyo vinausogeza.

Faida yake ni kubwa. Kama pete ingekaa mahali pamoja, ingesugua sehemu ileile ya ubavu wa tairi mpaka ikachimba mfereji, na ubavu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Mnyororo unaotembea huusambaza msuguo huo tairi zima. Kwa hiyo fundi wa kando ya barabara anayepitisha waya kwenye matundu ya ringi ili mnyororo “usihame” analiua tairi huku akidhani analisaidia. Kukaza ni lazima, maana uliolegea hurushwa nje na mwendo na kuchapa fenda mpaka ipasuke, au ukakata bomba la breki. Ukaze ukumbatie tairi, kisha uachiwe huru kuzunguka.

Umbo tunalolifahamu leo lilipata hataza ya Marekani mwaka 1904. Mwenye hataza alikuwa Harry D. Weed wa Canastota, jimbo la New York, na kabla yake madereva walikuwa wakizungushia matairi kamba. Minyororo miwili ya pembeni, mmoja nje na mmoja ndani, ikaunganishwa na vipande vya kukatiza uso wa tairi: ukiingia duka la vipuri leo utaukuta mnyororo huohuo kwenye rafu, na malori bado yanautegemea.

Ubaya wa mnyororo huo wenye umbo la ngazi ni kwamba kati ya kipande na kipande tairi linabaki tupu. Gari linatetemeka, na pembeni halishiki vizuri, kwa sababu vipande vimelala kukatiza barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine na gari likiserereka ubavu huteleza navyo. Kwa gari dogo nashauri wa umbo la almasi, ambao vipande vyake vinapishana hivi kwamba daima kuna chuma chini ya tairi, na kinashika pande zote. Bei iko juu, lakini kona za milimani hazina bei.

Kuchagua huanza kwenye ubavu wa tairi. Ukisoma 205/55 R16, upana ni milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na ringi ni ya inchi 16. Piga hesabu utapata kipenyo cha milimita 632 hivi, na mzingo unaokaribia mita mbili. Jirani yako mwenye 205/55 R17 ana upana uleule, lakini mzingo wake umezidi kwa sentimita nane. Mnyororo wako kwake hautafunga. Hapa ndipo watu wanaponunua kwa macho, “gari letu linafanana,” na kuurudisha dukani au, mara nyingi zaidi, kuusahau kwenye buti. Boksi la mnyororo lina orodha ndefu ya namba. Namba yako iwemo kama ilivyo, bila kukisia. Na ukibadilisha matairi, mnyororo nao uhakikiwe upya.

Halafu kuna nafasi. Magari mengi ya siku hizi yamepewa ringi kubwa kwa ajili ya urembo, na nyuma ya tairi hakuna pa kupitisha kidole. Marekani lipo daraja la minyororo myembamba, Class S, lililowekewa magari ya namna hiyo: inahitaji nafasi ya milimita 37 juu ya uso wa tairi na milimita 15 upande wa ndani. Usitegemee jicho. Kata usukani mpaka mwisho, piga goti, peleka mkono nyuma ya tairi la mbele mpaka kwenye shokapu, kisha kata upande wa pili upime tena. Kitabu cha gari kikisema minyororo hairuhusiwi, kitii. Kwa magari hayo kuna soksi za kitambaa kizito, zilizobuniwa Norway, zinazovalishwa tairi kwa dakika chache. Zinashika vizuri ajabu kwenye theluji, na huliwa na lami kavu upesi sana. Ufaransa, ambako tangu mwaka 2021 maeneo yaliyotajwa ya milimani yanadai matairi ya baridi au vifaa vya namna hii kila Novemba 1 hadi Machi 31, soksi hizo zinakubalika. Ukinunua Ulaya tafuta alama ya EN 16662-1. Minyororo ya zamani ina V5117, kiwango cha Austria kilichotangulia.

Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayosukumwa na injini. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mbele. La nyuma, nyuma. Fo-wili, soma kitabu, kwa kuwa watengenezaji hawakubaliani. Ila ujue kwamba ukifunga mbele peke yake na kuteremka mlima, mkia haukushikwa na kitu. Ukikanyaga breki kwa pupa, nyuma inaweza kutaka kupita mbele. Mwenye uwezo afunge yote manne.

Kufunga kwenyewe kujifunziwe nyumbani, mchana, pakavu. Kwa wa almasi wenye kebo ya nyuma: vuta hendibreki, utandaze mnyororo chini, kagua pete zote zisiwe zimejisokota, na upande laini wa ndoano ndio utakaoelekea tairi. Sukuma kebo nyuma ya gurudumu kwa chini, ipandishe pande zote mbili, uunganishe ncha zake juu. Kabla ya kuendelea, hakikisha kebo imeangukia upande wa ndani na haijanasa juu ya uso wa tairi; wengi huharibia hapo. Kisha unganisha ndoano ya nje, vuta mnyororo wa kukazia kupitia kifungo chake, na ncha inayobaki uishikize isipeperuke. Jeki haihitajiki. Wa lori wa ngazi hutundikwa juu ya tairi, lori likasogezwa kidogo, ukafungwa ndani kwanza, nje baadaye, kisha kamu, yaani vikazio vya mnyororo, zikakazwa kwa kifaa chake. Midomo ya ndoano itazame nje, mbali na mpira. Baada ya mita hamsini au mia, simama ukaze tena. Asiyesimama hapo ndiye utakayemkuta mbele akitafuta vipande gizani.

Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na lami ikionekana, fungua. Hili linapuuzwa kwa uvivu tu: chuma juu ya lami tupu kinakula barabara, na barabara inakula chuma. Ndiyo sababu kandokando ya vituo vya kufungia minyororo utaona vipande vilivyokatika vimetupwa theluji ikishayeyuka, vikiwa na chuma cha kutosha miaka mingine kama vingefunguliwa kilomita mbili mapema. Mnyororo hutaka maji ya uvuguvugu kuondoa chumvi ya barabarani, kukaushwa na kutundikwa. Pete ikilika hadi nusu ya unene wake, basi, peleka kwenye chuma chakavu. Na makampuni yanayowapa madereva wapya mabaki ya minyororo ya saizi tatu tofauti kwenye ndoo moja, kisha yanawakata mshahara kwa fenda iliyopasuka, yanastahili faini kuliko madereva.

Kwetu minyororo haikosi kazi, ila adui ni tope. Malori yanayobeba majani ya chai kwenye barabara za udongo za nyanda za juu za Kenya hufungwa cheni matairi ya nyuma wakati wa mvua, mara nyingi za kuungaunga, zilizokatwa kutoka mnyororo wowote uliopatikana. Zinamtoa mtu. Pia zinachimba barabara hiyohiyo ambayo ingepitika kama ingechimbiwa mitaro ya maji, kazi ya majembe na wiki chache, ambayo haina ufunguzi wa kukata utepe.

Kwingineko: matrekta ya kuvuta magogo misituni Sweden na Finland, magreda ya kusafisha theluji, magari ya wagonjwa na mabasi ya shule yenye aina inayojifunga yenyewe, ambapo kigurudumu cha mpira hugusa ubavu wa tairi, kikazunguka na kutupia vipande vya mnyororo chini ya tairi kwa kubonyeza swichi, mashine za kupakia mawe migodini, ambazo matairi yake huvikwa wavu mzima wa chuma yasichanwe, malori ya jeshi, hata baiskeli.