Nyama ya halali yaweza kuharibika njiani

MAJUZI mama mmoja alifika katika kliniki yangu pamoja na wanawe wawili, wote wakihara na kutapika. "Lakini daktari, nyama tuliyokula ilikuwa ya halali," akasisitiza. Sikuwa na shaka naye. Hata hivyo, nyama hiyo ilikuwa imekaa ndani ya buti la gari tangu saa nne asubuhi hadi jioni.

Msomaji, kuchinja ni mwanzo tu. Baina ya machinjio na sufuria yako kuna gari, buchari na friji, na popote hapo nyama yaweza kupoteza uhalali wake, usalama wake au vyote viwili.

Tuanze na uhalali. Nyama iliyochinjwa kisheria ikigusana na ya nguruwe au kibudu, au ikidondokewa na damu yake, hunajisika. Mwongozo wa kimataifa wa Codex wa mwaka wa 1997 waruhusu gari au ghala lililobeba vyakula visivyo halali kutumiwa tena, mradi lisafishwe kwanza jinsi Uislamu unavyotaka.

Usalama nao ni jambo jingine. Bakteria hawajali aliyechinja ni nani. Katika joto la kati ya digrii 5 na 60 huongezeka upesi, wengine maradufu kila dakika 20 hivi. Baridi ya friji haiwaui, huwapunguzia kasi tu. Tena sumu ya baadhi yao haiondoki hata ukiichemsha nyama.

Ufanyeje basi?

* Muulize mwenye buchari nyama huletwa kwa gari gani, na kama gari hilo hubeba nyama nyingine. Tazama pia kisu, gogo na mizani.

* Nunua nyama mwisho, kisha uende nyumbani moja kwa moja. Isikae nje zaidi ya saa mbili.

* Friji isizidi digrii 5. Nyama mbichi ikae chini ya chakula kilichopikwa, ndani ya chombo chenye kifuniko.

* Ukiishi na mwenzako alaye nguruwe, kila mmoja awe na vyombo vyake, na nguruwe akae rafu ya chini kabisa, amefunikwa.

Mtoto akihara, mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Ukiona damu katika choo chake, au akilegea, usingoje kesho, mpeleke hospitali.